Rekodi ya hewani ni nini?

Waliokulia na redio kaseti wanakumbuka: kidole kiko juu ya kitufe cha kurekodi, unamwomba mtangazaji moyoni anyamaze upesi, wimbo unaanza, unabonyeza, na neno lake la mwisho linaingia kwenye kanda vilevile. Ulichopata pale ni rekodi ya hewani, yaani sauti ya matangazo ya redio iliyonaswa na msikilizaji, nyumbani kwake, kwa mashine yake. Si santuri ya studio, wala si nakala iliyowekwa na stesheni yenyewe.

Sisi tulinasa taarabu na dansi. Huko Marekani na Uingereza mchezo huu ulikuwepo tangu miaka ya 1930, kabla kanda haijaingia majumbani, na wapenzi wa muziki wa klasiki walikuwa na sababu nzuri ya kuucheza. Opera ya Metropolitan ya New York ilianza kurushwa na NBC, kampuni ya redio ya Marekani, siku ya Krismasi ya 1931, kwa opera ya Hänsel und Gretel. Miaka sita baadaye, Krismasi tena, Arturo Toscanini, kiongozi maarufu wa okestra kutoka Italia, aliongoza hewani kwa mara ya kwanza okestra ambayo NBC iliiunda kwa ajili yake. Yote haya yalikwenda moja kwa moja. Ukichelewa kurudi nyumbani, muziki umepita. Santuri za dukani nazo zilikuwa jambo jingine: zilipigwa studioni, vipande vya dakika nne nne, bila hadhira na bila ile hatari ya jukwaani inayomfanya mwimbaji ajitoe mhanga.

Kifaa cha kunasia hakikuwa cha kubonyeza ukaenda zako. Kuanzia katikati ya miaka ya 1930 ziliuzwa santuri tupu: sahani ya alumini iliyopakwa laka laini. Wenyewe waliziita asetati, jina la kimakosa, kwa sababu laka ile ilikuwa nitroselulosi, dutu ileile ya filamu za zamani za sinema zilizokuwa na sifa mbaya ya kulipuka moto. Sindano kali inachonga mfereji muziki ukiendelea, na laka inayochongwa inatoka kama uzi mwembamba. Mtu anasimama hapo na brashi, anausukuma pembeni usijizongomeze kwenye sindano. Uzi huo ukidondokewa na cheche ya sigara unawaka papo hapo, na wanaume wa zama zile, tuseme ukweli, walivuta sana.

Halafu kuna muda. Sahani ya inchi 12, kwa mizunguko 78 kwa dakika, inabeba dakika nne au tano kila upande. Simfoni ya Tano ya Beethoven inakaribia nusu saa. Mwenye mashine moja ilimbidi ainue sindano, ageuze sahani, ashushe tena, zaidi ya mara tano, na okestra haimsubiri. Mwenye uwezo alikuwa na mashine mbili, ya pili ikianza kuchonga kabla ya kwanza kumaliza. Kwa hiyo ukisikia rekodi ya zama hizo ikikatika katikati ya sauti ya zeze na kurudi mbele kidogo, usidhani imeharibika. Hapo kuna mtu alikuwa anageuza sahani. Wakati wa vita alumini ilipoadimika, laka ikapakwa juu ya kioo, na sahani ya kioo huanguka mara moja tu.

Uingereza mfano maarufu ni Kenneth Leech, mhandisi aliyekuwa akinasa matangazo ya BBC nyumbani kwake. Sahani zake sasa ziko British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, zikiwa na maonyesho ya muziki ambayo bila yeye yasingesikika tena.

Kuna jambo moja ambalo watu hulichanganya. Rekodi ya hewani inabeba matangazo, si tamasha. Tarehe 4 Aprili 1954 Toscanini, mwenye umri wa miaka 87, aliongoza tamasha lake la mwisho na okestra ya NBC katika ukumbi wa Carnegie wa New York, programu nzima ikiwa ya Wagner, mtunzi wa opera wa Ujerumani. Katikati ya muziki wa Tannhäuser, mojawapo ya opera hizo, kumbukumbu ilimtoroka, akapotea. Chumba cha matangazo kikaingiwa na hofu, wakakata, wakatangaza hitilafu ya mitambo na kuweka santuri ya Simfoni ya Kwanza ya Brahms, mtunzi mwingine kabisa, kwa muda mfupi. Ukumbini hakuna aliyesikia Brahms. Aliyekuwa akinasa nyumbani anaye Brahms kwenye rekodi yake, na kwangu mimi huo ndio ushahidi kuliko nakala yoyote iliyosafishwa.

Hata mvumo wa umeme unaoudhi masikio una kazi. Mashine za nyumbani hazikuzunguka kwa kasi sawasawa, hivyo sauti ya muziki huwa nyembamba au nzito kuliko inavyopaswa. Anayekarabati rekodi hizo leo akiukuta mvumo huo humo ndani, anajua kwamba ulipaswa kuwa mitetemo 60 kwa sekunde kwa Marekani, 50 kwa Ulaya, na anairekebisha kasi kwa kipimo hicho.

Kanda ya sumaku ilipoenea majumbani katika miaka ya 1950, shida ya kugeuza sahani ilipungua, ila ya kuandika lebo ilibaki. Kanda isiyo na tarehe, wala jina la stesheni, wala sauti ya mtangazaji, inaweza kuitwa chochote. Katika miaka ya 1960 EMI, kampuni ya santuri ya Uingereza, ilitoa Koncheto ya Kwanza ya piano ya Chopin ikisemwa kuwa ya Dinu Lipatti, mpiga piano wa Romania aliyefariki 1950 akiwa na miaka 33. Wajuzi wakaisifu kwa miaka mingi. Mwaka 1981 ikabainika kuwa mpigaji ni Halina Czerny-Stefańska wa Poland, na kwamba ilikuwa santuri ya kawaida iliyokwisha kuuzwa madukani. Upigaji halisi wa Lipatti, kutoka tamasha la Zürich la Februari 1950, nao ulipatikana. Sauti yake ni hafifu kuliko ile ya uongo.