Wakimbizi wa Ulyankulu hawakuishi kwa mgawo wa chakula

Wapo wanaoamini mpaka leo kwamba Warundi waliofika Ulyankulu, mkoani Tabora, walilishwa na mashirika miaka yote. Si kweli, na inaumiza kusikia maneno hayo yakirudiwa. Watu hao walikimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, wakapelekwa kwenye pori la miombo. Mgawo ulikuwa wa mwanzoni tu. Walipewa ardhi, wakafyeka, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Tumbaku haina huruma: utunze kitalu, uhamishie miche shambani, uchume jani kwa jani, kisha ukeshe kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, ili moto usizimike. Chakula cha ziada kiliuzwa, na biashara ndogondogo zikafuata.

Kufikia 1985, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikuwa limeikabidhi serikali makazi hayo, pamoja na Katumba na Mishamo, kwa sababu wakazi walikuwa wakijitegemea. Baadaye zaidi ya watu 162,000 wa makazi hayo matatu walikubaliwa uraia wa Tanzania, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014.