Aliyekeketwa si lazima apasuliwe

Mombasa bado utasikia kwamba mwanamke aliyekeketwa na kushonwa hawezi kujifungua ila kwa upasuaji. Si kweli. Kinachozuia ni kovu lililoziba mlango wa uke, na mkunga aliyefunzwa hulifungua kwa ganzi, ama wakati wa ujauzito ama uchungu ukishaanza. Nyonga na mji wa mimba havikuguswa na wembe.

Hatari ipo, tusidanganyane: utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa 2006, uliohusisha Kenya, ulikuta upasuaji na kutokwa na damu nyingi vimezidi kwa waliokeketwa. Ndiyo maana kliniki ihudhuriwe mapema na mkunga aelezwe. Akishazaa, kingo za kovu hushonwa kila upande peke yake. Kuziba tena, hata mume akitaka, hapana.