Wavuvi wa Mtera: kiboko na mamba wana saa zao, badilisheni za kwenu

Mbukwenyi ndugu zangu wavuvi, wachuuzi wa samaki na wote mnaoishi pembeni mwa bwawa la Mtera, upande wetu huu wa Dodoma na hata wenzetu wa ng'ambo kule Migoli, upande wa Iringa. Naandika kama afisa wanyamapori ninayeshughulika na elimu kwa jamii, na nimeona niandike sasa kwa sababu tangu maji yaanze kushuka simu ni nyingi na malalamiko yamekuwa mengi: nyavu zimechanwa, mtumbwi umepinduliwa, mtu kafukuzwa na kiboko akitoka kutega. Kwenye magrupu ya wasapu nako inazunguka ile habari kwamba wanyama wameletwa usiku na malori ya serikali wakaachiwa bwawani. Hakuna lori lililoleta kiboko. Mto Ruaha Mkuu umepita hifadhini huko juu kabla ya kufika kwenu na mto Kisigo nao unashuka kutoka upande wa mapori, mito yote miwili inaingia Mtera, mnyama anafuata maji kama alivyofuata babu yake kabla hilo bwawa halijajengwa.

Kilichoongezeka ni kukutana nao, na sababu yake mnaijua vizuri kuliko mimi. Mtera likijaa kabisa maji yanafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690, yani hapo katikati kuna tofauti ya mita nane na nusu, na kwenye ardhi iliyo tambarare vile mita nane zikishuka ukingo wa maji unarudi nyuma mbali sana. Viboko waliokuwa wametawanyika wanabanana kwenye vina vilivyobaki, nyie nanyi mnahamisha kambi kuyafuata maji, mwingine anapanda mchicha na matikiti pale pale kwenye tope lililoachwa, halafu usiku kiboko akila hayo matikiti tunaambiwa mnyama kavamia makazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Watu wanaiona hiyo sheria ni ya kulinda maji tu, lakini kwa mvuvi zile mita 60 ndizo zinazompa mnyama nafasi ya kupita bila kukukanyaga ukiwa umelala.

Sasa tuongee kuhusu kiboko, maana kwenye simu ninazopokea yeye ndiye anayeongoza. Nimesikia mara nyingi, hata kutoka kwa watu wazima waliozeeka kwenye kazi, kwamba kiboko anakula majani kwa hiyo hana shida na mtu. Ndugu zangu, hakuumi ili akule. Anakuuma kwa sababu umesimama kwenye njia yake, au umeingia kwenye maji anayoyahesabu ni yake, au mama ana mtoto na wewe umepita karibu. Ni mnyama wa kilo 1,500 na madume yanazidi hapo, meno yake ya pembeni yanafika nusu mita, na nchi kavu anakimbia kama kilomita 30 kwa saa, mbio ambazo wewe na buti za mvua huziwezi.

Ratiba yake haijifichi. Mchana yuko majini, giza likiingia anatoka kwenda kula majani, anaweza kwenda kilomita kadhaa, na kuanzia saa kumi alfajiri mpaka kunapambazuka anarudi. Ebu linganisha na ratiba ya mvuvi: unatega saa kumi na mbili jioni wakati yeye anatoka, unavua nyavu saa kumi na moja alfajiri wakati yeye anarudi, na unapita njia ile ile kwa sababu kichaka kimeshafunguka vizuri. Nani aliyekufungulia hicho kichaka? Angalieni chini siku moja kukiwa na mwanga. Njia ya kiboko ina mifereji miwili inayokwenda sambamba na katikati kuna tuta la majani, kwa sababu miguu yake ya kushoto na ya kulia inakanyaga mbalimbali, na pembeni utakuta mavi yamerushwa juu ya vichaka maana anayatawanya kwa mkia. Ukiona hivyo hiyo njia ina mwenyewe, usiipite gizani na usiweke kambi karibu nayo hata kama ndiyo fupi kwenda mwaloni, pale mnapoegesha mitumbwi na kushusha samaki. Subiri jua litoke ndiyo uende kwenye nyavu. Najua mtaniambia jua likitoka samaki wanaharibika na mnunuzi wa Dodoma mjini ameshaondoka na gari, nimeyasikia hayo kwenye kila mkutano, lakini hapo ni suala la kukubaliana mwalo mzima muda wa gari kuondoka, na kuna myalo imeshafanya hivyo, mnunuzi akasubiri kwa sababu samaki wote wako huko huko.

Ukiwa kwenye mtumbwi, gonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia kila baada ya muda unapopita sehemu yenye viboko ili wakusikie mapema, kiboko anayestuliwa ndiye mbaya zaidi. Pita pembeni kwenye maji mafupi uwaachie kina, kiboko akistuka anakimbilia kwenye kina na wewe hutakiwi kuwa katikati yake na hicho kina. Akipanua mdomo, watu wanasema anapiga miayo na wanatoa simu kurekodi video, lile ni onyo, ondoka. Akizama akiwa anakuangalia, tafuta mstari wa mapovu juu ya maji, hayo mapovu yanakuonyesha anapokwenda, kama yanakuja kwako piga kasia kuelekea ukingoni haraka na usikatize mbele yake. Na mtumbwi ukipinduka, achana nao ogelea uende mbali, kwa sababu mara nyingi hasira zake zinaishia kwenye mtumbwi. Kwa hiyo jaketi la kuokolea liwe mwilini, siyo limekaliwa kama mto. Hilo la jaketi ni la watu wa uvuvi kulisimamia lakini nalisema maana miili tunayokwenda kuitafuta mingine haina hata alama ya jino, mtu amekufa maji tu.

Mamba ni hesabu nyingine. Kiboko anakuonya, mamba anakusubiri. Anaweza kutulia chini ya maji muda mrefu kabisa bila kuvuta pumzi, na anachokifuata ni mazoea: sehemu ile ile, saa ile ile, mtu yule yule anainama kuchota maji au kuosha nyavu. Halafu sisi tunamlisha. Nimesimama kwenye mwalo mmoja nikaona matumbo ya kambare na magamba ya perege yamerundikwa kwenye maji ya magoti, na mita chache pembeni mama na binti yake wanasuuza sufuria. Matumbo yachimbiwe shimo mbali na maji yafukiwe, samaki wasafishiwe juu, maji yachotwe yapelekwe huko. Hii haihitaji bajeti wala kibali cha mtu, inahitaji kamati ya mwalo ikae siku moja iamue. Usiku mulika tochi kabla ya kukanyaga maji, macho ya mamba yanarudisha mwanga mwekundu, japo kutoyaona hakumaanishi hayupo. Usitembee majini kuvuta wavu ukiwa peke yako. Na kiangazi jike linataga kwenye mchanga wa ukingoni na kulinda mayai kama miezi mitatu, kwa hiyo ukiona mchanga umefukuliwa na mamba mkubwa hatoki eneo hilo, hamisha shughuli zako.

Mamba akimkamata mtu, walio karibu msikimbie wote. Aliyekamatwa apigane, achomeke vidole kwenye macho ya mamba, walioko nje wampige mamba machoni na puani kwa kasia au chochote kigumu huku wengine wakimvuta mtu. Kuna watu wako hai leo kwa sababu mwenzao hakuachia mkono.

Na hapa niseme jambo moja bila kuzunguka. Hakuna mamba wa kutumwa. Kila tukio likitokea tunafika tunakuta kijiji kinatafuta nani kamtuma, bibi fulani ameshaanza kuangaliwa vibaya, na mamba mwenyewe bado yupo pale pale, kesho yake watoto wanaoga hapo hapo kwa sababu mnaamini alikuja kwa ajili ya mtu mmoja na kazi yake imeisha. Inaniuma sana hii. Mamba aliyefanikiwa sehemu moja anarudi sehemu hiyo hiyo, ndiyo maana tunawaomba mfunge hiyo sehemu siku hiyo hiyo na mtupigie.

Tembo sitawaeleza sana, wanaoshuka usiku kiangazi kunywa maji mnawajua, msihifadhi unga na chumvi ndani ya turubai mnalolala na mkisikia matawi yanavunjika ondokeni kimya, msiwamulike wala kuwarushia vijinga vya moto. Nyoka aina ya kifutu anapenda kulala kwenye majani makavu pembeni mwa njia, vaa buti na mulika. Akikuuma usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, tulia, mguu usitembezwe, beba mtu kwa pikipiki mpaka kituo cha afya.

Sasa taratibu, ambazo ndizo zinazowapotezea haki zenu. Mtu akijeruhiwa na mnyama, kwanza bana damu kwa kitambaa safi kwa nguvu, osha kidonda kwa maji mengi safi, usiweke mafuta ya taa wala udongo, na nenda hospitali hata kama jeraha ni dogo kwa sababu mdomo wa mamba na wa kiboko una vijidudu vibaya sana, mtu anaweza kupona jino akapoteza mguu kwa kuoza. Wakati mmoja anapelekwa hospitali mwingine aende polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, na mwingine atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji, na mtendaji aijulishe ofisi ya Afisa Wanyamapori wa Wilaya siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo. Kuna familia ilikuja ofisini baada ya wiki kadhaa, mzee wao ameshazikwa, wana picha moja kwenye simu iliyopasuka kioo, hawana PF3, hawana taarifa ya daktari, hawana barua ya kijiji. Tulihangaika nao kukusanya kilichowezekana, lakini ushahidi ambao ungechukua saa moja siku ya tukio ulichukua miezi.

Kinachotolewa kinaitwa kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia ya aliyefariki, na kifuta jasho kwa mazao na mifugo, kwa mujibu wa kanuni zilizo chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Siyo fidia, na siyo bei ya mtu. Naelewa inavyouma kuambiwa hivyo, na ninaelewa yule aliyesimama mkutanoni akasema mnyama ni wa serikali basi serikali imchunge kama sisi tunavyochunga ng'ombe wetu, ila bwawa halina zizi. Fomu inajazwa wilayani, inaambatishwa na PF3, taarifa ya daktari au cheti cha kifo, na uthibitisho wa uongozi wa kijiji, halafu inakwenda kwa Mkurugenzi wa Wanyamapori. Ukikosa karatasi moja fomu inarudi. Na kama tukio lilitokea ukiwa unafanya kosa, mfano umeingia kuvua ndani ya pori la akiba bila kibali, hapo hakuna malipo, na aliye hai atakuwa na kesi juu yake. Leseni ya uvuvi haikupi ruhusa ya kuingia Pori la Akiba la Kizigo, watu wanachanganya hapa kila mwaka.

Kuua mnyama ili kuokoa maisha ya mtu siyo kosa, hilo liwe wazi. Kosa linaanzia pale mnyama ameshakufa na watu wanagawana. Nyama, ngozi, meno, mafuta, vyote ni nyara za serikali hata kama umemuua kwa kujitetea. Acheni alipo, toeni taarifa, msichukue hata kucha. Kukutwa na nyara bila kibali kunashtakiwa kama uhujumu uchumi, na thamani ya nyara ikizidi shilingi 100,000, ambayo kiboko anaivuka mbali, sheria inataja kifungo kisichopungua miaka 20. Vijana wanaona ni kitoweo tu cha jioni, na mke aliyekipika naye anaweza kuunganishwa kwenye kesi. Vilevile kumtegea sumu au nyaya mnyama anayewasumbua hairuhusiwi kabisa, anayeamua mnyama ahamishwe au auawe ni mamlaka, na ili waamue wanahitaji taarifa iliyokamilika.

Kwa hiyo mkipiga simu msiseme tu "kuna kiboko huku." Tunataka mwalo gani, saa ngapi, mmoja au kundi, ana mtoto, ana jeraha, ametoka upande gani akaenda wapi, na kama kuna mtu kaumia. Viongozi wa BMU, yani vikundi vya wavuvi vya kusimamia mwalo, wekeni daftari mwaloni, aandikwe kila anayeingia majini na saa aliyotoka, na pembeni yake safu ya wanyama walioonekana. Afisa akifika ataomba daftari hilo kwanza, kwa sababu ndilo litakaloonyesha kiboko yule yule anatokea wapi kila siku, na hapo ndipo askari wanaweza kwenda kumsubiri badala ya kuzunguka bwawa zima.