Je, wajua kwa nini wazazi kumi hufaulu kuzuia simu pale mzazi mmoja anaposhindwa?

“Mama, darasani wote wana simu isipokuwa mimi.” Maneno hayo yameangusha sheria nyingi za nyumbani, na mara nyingi si kweli. Mtoto huwataja wale watatu wenye simu; wasio nazo hawamo kwenye hesabu. Mzazi hana pa kuhakikishia, kwa kuwa hajawahi kuongea na wazazi wenzake. Akinunua, wenye simu wanaongezeka, na nyumba inayofuata inaambiwa yale yale kwa uzito zaidi.

Kwa hiyo ukali pekee hausaidii sana. Mtoto aliye peke yake bila simu anakosa kitu halisi: kundi la wenzake, utani wa jana usiku, gemu wanayocheza wote. Marafiki zake wa karibu nao wasipokuwa na simu, hilo kundi halipo, na hakuna cha kukosa.

Kampeni ya Wait Until 8th ya Marekani imejengwa juu ya hesabu hiyo. Mzazi anaahidi kutompa mtoto simu janja kabla ya mwisho wa darasa la nane, ila ahadi haianzi kazi mpaka familia kumi za darasa lile lile la shule ile ile zijiandikishe. Hivyo hakuna anayetangulia peke yake. Mwaka 2023 huko Greystones, Ireland, wazazi wa shule nane za msingi walikubaliana kwa hiari kwamba watoto wasiwe na simu janja, shuleni wala nyumbani, hadi waingie sekondari.

Ukitaka kujaribu, usianze kwa kurusha pendekezo kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Jibu la kwanza la kubeza likitua hapo, wanaokuunga mkono watanyamaza. Wapigie kwanza wazazi wa marafiki watatu au wanne wa mwanao, mmoja mmoja, kisha nendeni kundini mkiwa na sauti moja. Kubalianeni mambo machache tu: umri wa kupewa simu janja, kifaa kinachoruhusiwa kabla ya hapo (kitochi cha kupiga na kupokea kinatosha), na utaratibu wa mtoto anapotembelea nyumba ya mwenzake. Saa ngapi kwa siku, kila nyumba ijipangie. Mkianza kubishania dakika, hamtamaliza kikao.

Ndani ya nyumba nako kuna mianya. Shule zetu nyingi haziruhusu wanafunzi kuja na simu, hivyo kasheshe huja likizo, na simu yenyewe huwa ya mama, ya bibi au ya dada wa kazi. Programu ya Google Family Link inaweza kuweka kikomo cha siku na saa za kulala, lakini kikomo hicho huhesabiwa kwa kila kifaa. Ukiweka saa mbili na mtoto ana simu na tableti, amepata nne. Tena hufuata akaunti ya mtoto: akishika simu ya bibi yenye akaunti ya bibi, hakuna kinachomzuia.

Kwa simu ya kuazima, tumia huduma ya kubandika programu iliyomo kwenye simu nyingi za Android. Ingia kwenye mipangilio, upande wa usalama, uiwashe pamoja na sharti la kuomba namba ya siri kabla ya kubandua. Fungua programu ya hadithi au hesabu, nenda kwenye orodha ya programu zilizo wazi, gusa alama yake, chagua kubandika. Mtoto hawezi kutoka hapo kwenda kwingine bila namba ya siri. Namba hiyo isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtu wa nyumbani. Hiyo ndiyo huanza kujaribiwa. Na baba asiitoe kimyakimya Jumapili ili aangalie mpira kwa utulivu.

Familia iliyokwisha kununua simu msiitenge. Iombeni jambo moja: watoto wa wenzao wakija kucheza, simu ikae kabatini, na wakiondoka irudishwe.