Ushuru wa korosho ghafi: anaulipa nani hasa?

Ushuru wa mauzo ya nje ni kodi inayotozwa bidhaa inapotoka nchini. Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, unagusa kila kaya yenye mikorosho. Kwa miaka mingi kiwango cha korosho ghafi kimekuwa asilimia 15 ya thamani ya mzigo bandarini au dola 160 kwa tani, ikichukuliwa ile iliyo kubwa. Tani ya dola 1,000 inatozwa 160. Ikifika dola 1,500 inatozwa 225.

Anayepeleka fedha serikalini ni msafirishaji. Lakini kabla hajataja bei mnadani, ameshapiga hesabu: anaanza na bei atakayopata India au Vietnam, anatoa nauli ya meli, magunia, ghala, kisha ushuru. Kinachobaki ndicho anachomtajia mkulima wa Tandahimba au Ruangwa. Kumbana apandishe ni vigumu, kwa sababu Ivory Coast inazalisha korosho nyingi kuliko sisi na anaweza kununua huko. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ushuru huo hubebwa na mkulima, hata kama jina lake halimo kwenye risiti.

Kwa nini basi utozwe? Hoja ni ubanguaji. Korosho ghafi ikiwa ghali kuitoa, kiwanda cha hapa huipata kwa nafuu, na ajira za kubangua hubaki Mtwara badala ya kwenda Kollam, India. Ni hoja nzito, na dunia nzima inabishana juu yake. Mwaka 2020 Indonesia ilipiga marufuku kusafirisha nikeli ghafi; Umoja wa Ulaya ukaishtaki Indonesia katika Shirika la Biashara Duniani na mwaka 2022 jopo la shirika hilo likaupa Umoja huo ushindi. Sheria za shirika hilo kwa kawaida hukataa marufuku, ila kodi ya kutoa mzigo haikatazwi.

Jirani zetu ng'ambo ya Ruvuma walipitia hili kwa uchungu. Miaka ya 1990 Benki ya Dunia iliibana Msumbiji ipunguze ushuru wake, kwa maelezo kwamba mkulima angepata bei nzuri. Viwanda vikafungwa, maelfu wakakosa kazi, na utafiti wa baadaye ukaonyesha kwamba nyongeza iliyomfikia mkulima ilikuwa dola chache tu kwa mwaka. Mwaka 1999 bunge lao likaupandisha tena.

Kwa hiyo siungi mkono kuufuta. Kilichoniuma ni fedha yenyewe ilikokwenda. Zamani asilimia 65 ya ushuru huu ilirudi kuendeleza zao: salfa ya kuzuia ukungu wa mikorosho, miche, utafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, zote zikaingia Mfuko Mkuu wa Serikali, na wabunge wa kusini wakapinga kwa nguvu. Walikuwa na haki. Mkulima anayekatwa kwa ajili ya kiwanda anastahili kuonyeshwa kiwanda, na salfa ghalani kabla mikorosho haijatoa maua.