Mti wa vifaa ni nini?

Ukichomeka flashi kwenye kompyuta, yenyewe inapiga hodi: inataja imetoka kampuni gani, ni kifaa cha aina gani, inahitaji umeme kiasi gani. Saa ndogo ya DS3231 niliyoinunua Kariakoo haikupiga hodi. Niliitaka kwa ajili ya Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, inayorekodi joto la friji katika duka la dawa la dada yangu, Tabata. Bodi hiyo haina betri ya saa, kwa hiyo umeme ukikatika na intaneti ikiwa haipo, vipimo vinaandikwa kwa saa ya uongo. Nikaunganisha nyaya nne, nikawasha. Kimya.

Nyaya hazikuwa na tatizo. Vifaa vya I2C na SPI, njia za nyaya chache za kuzungumza na chipu, havijitambulishi. Lazima keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, iambiwe kwamba vipo na vimekaa wapi. Maelezo hayo ndiyo mti wa vifaa (device tree). Shina ni bodi yenyewe, humo limo tawi la I2C, na kwenye tawi hilo saa yangu imekaa kwenye anwani 0x68. Kila kifaa kina sifa zake. Kubwa kuliko zote ni `compatible`, jina ambalo draiva, programu inayoendesha kifaa, hulitazama ikajua "hiki ni changu". `status` ikiwa `disabled`, kifaa hakiguswi hata ukikichomeka vizuri namna gani.

Wengi hudhani mti huu ni programu. Sivyo, wenyewe hautendi chochote. Huandikwa kwenye faili la .dts, kisha programu iitwayo dtc hulikompaili, yaani hulibadilisha, kuwa .dtb inayosomwa na mashine, na keneli hukabidhiwa hilo inapowaka.

Zamani maelezo ya bodi zenye prosesa za ARM, kama hiyo Raspberry Pi, yaliandikwa kwa C ndani ya keneli, rundo juu ya rundo, hadi Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaja juu mwaka 2011. Ndipo ARM ikahamia kwenye mti, wazo lililokuwa tayari likitumika kwenye prosesa za PowerPC.

Kuongeza kifaa hakudai uandike mti mzima upya. Unapandikiza kitawi (overlay), kama wanavyopandikiza miche ya maembe. Mimi niliongeza mstari mmoja kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Raspberry Pi:

`dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`

Nikawasha upya, nikaendesha `i2cdetect -y 1`, amri inayoonyesha anwani zenye vifaa kwenye I2C. Pale penye 68 pakatokea UU, yaani draiva imekwisha kuishika saa. Nilifurahi sana.

Kifaa chako kikinyamaza, kabla hujapanda daladala kumrudishia muuzaji, ingia `/proc/device-tree` uangalie kama tawi lake lipo.