Kwa nini tovuti ya kamari ya Curaçao haikukati kodi ukibeti ukiwa Mombasa?

Jioni za mechi, pale wanapoegesha tuktuk Mwembe Tayari, hakosekani wa kusifia tovuti aliyoipata majuzi: "Hii haikati kodi hata senti." Ni kweli haikati. Lakini si kwamba sheria imeisamehe.

Kenya huangalia mchezaji yuko wapi. Ukiweka mkeka ukiwa Likoni umebeti Kenya, hata kama kampuni ina leseni ya Curaçao, kisiwa cha Karibi kinachojulikana kwa leseni hizo tangu miaka ya 1990. Leseni hiyo haina nguvu huku. Kamari yetu ilisimamiwa na sheria ya 1966 hadi sheria mpya ilipotiwa saini Agosti 2025.

Kodi nayo haikusanywi na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, mkononi mwako. Anayeikata ni kampuni. Tuma 1,000 kwa M-Pesa kwenye akaunti ya kubeti ya kampuni yenye leseni ya Kenya: 50 ni ushuru, unabaki na 950 za kuchezea. Ukija kutoa 2,000, inakatwa 100 nyingine kabla ujumbe haujaingia kwenye simu. Ni 5% kuingia na 5% kutoka, kwa mujibu wa Sheria ya Fedha ya 2025. Kabla ya hapo ilikuwa 15% ya dau na 20% ya ushindi, si ajabu watu walianza kutafuta njia za panya.

Kampuni ya nje ambayo haikujisajili KRA haikati kwa sababu hakuna aliyeifikia. Kudaiwa inadaiwa: tangu mwisho wa 2024, kampuni za nje zinazouza huduma mtandaoni kwa watu walio Kenya hutozwa 30% ya faida inayokadiriwa kuwa 10% ya mauzo, yaani 3% ya mauzo yenyewe. Ila deni la aliye ng'ambo ya bahari, nani atalifuata?

Pale serikali inapoweza kubana ni kwenye njia ya pesa. Mwaka 2019, ilipogoma kuziongezea leseni kampuni 27 za kamari, iliiagiza Safaricom, yenye M-Pesa, izifungie nambari za paybill za kupokelea malipo, na biashara ikasimama. Tovuti nyingi za nje hukwepa mtego huo kwa kupokea sarafu za kidijitali, au kwa "wakala" anayepokea pesa kwa nambari yake mwenyewe. Huyo wakala ndiye anayenitia wasiwasi kuliko kodi yenyewe. Ujumbe wa M-Pesa unakuja na jina la mtu usiyemjua, jina la kampuni halipo. Ushindi wako ukikwama, msimamizi wa kamari Nairobi hana leseni ya kuifutia kampuni hiyo, kwa kuwa hakuipa.

Ukitaka kujua uko upande gani, shuka hadi chini kabisa ya ukurasa wa tovuti. Nchi iliyotoa leseni kwa kawaida huandikwa pale, kwa herufi ndogo.